Chakula cha futari na mvua zisizotabirika: mazao tuliyoyaacha nyuma na kazi yake mpya Visiwani

Kwa mwezi mmoja kila mwaka, vyakula ambavyo Unguja na Pemba huliwa bila kutajwa hupanda hadhi. Ramadhani inapoingia, wauzaji wa Darajani, Mwanakwerekwe na Chake Chake hupanga marundo ya muhogo, majimbi, viazi vikuu, ndizi za mkono wa tembo na mashelisheli, na bei hupanda kadiri alasiri inavyosogea. Adhana ya magharibi ikisikika, vyakula hivyo viko mkekani vimeungwa kwa tui la nazi, pembeni pana bakuli la mbaazi au kunde, uji wa mtama uliotiwa pilipili manga, na katika baadhi ya nyumba mkate wa mofa wa unga wa mtama. Kisha mwezi huandama, Idi hupita, na mtu aliyemaliza sahani nzima ya muhogo akiulizwa kama amekula hujibu kwamba bado, ametia kitu mdomoni tu. Kula, kwa masikio ya Visiwani, ni kula wali.

Mwezi huo mmoja unastahili kuangaliwa kwa makini na kila anayeshughulika na kilimo, kwa sababu mkeka wa futari wa Kizanzibari unakaribiana sana na orodha ya mimea ambayo watafiti duniani wanaitafutia nafasi mpya. Mwaka 2023 Marekani, Umoja wa Afrika na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, walianzisha mpango wa kuimarisha mazao na udongo ujulikanao kwa kifupi cha VACS, na baadaye vituo vya kimataifa vya utafiti wa kilimo vikachagua mazao saba ya kuanza nayo kazi ya kuboresha mbegu: mchicha, njugu mawe, wimbi, bamia, mbaazi, ufuta na majimbi. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo Mzanzibari atahitaji kuelezwa ni kitu gani.

Yafaa kwanza neno lenyewe liwekwe sawa. Tunaposema mazao yaliyosahaulika, ni haki kuuliza yamesahauliwa na nani. Bibi wa Micheweni anayepanda viazi vikuu chini ya mwembe wake kila masika hajasahau kitu. Waliosahau ni wale wanaopanga bajeti za utafiti, wanaowafundisha mabwana shamba na mabibi shamba, wanaoagiza mbegu na wanaonunua chakula cha hoteli, skuli na hospitali. Zao la namna hiyo lina walaji na lina wakulima, lakini halina mbegu iliyothibitishwa dukani, halina mashine iliyotengenezwa kwa ajili yake, na mwenye kutaka ushauri juu yake hubaki kuwauliza wazee, ambao kila mwaka wanapungua.

Wengi huchanganya pia usahaulifu na uasili. Mtama, uwele, kunde na njugu mawe ni mimea ya Afrika, ni kweli, lakini majimbi, ndizi na kiazi kikuu tunachokilima zaidi vilivuka Bahari ya Hindi kutoka Asia ya Kusini-Mashariki. Muhogo uliletwa na Wareno kutoka Amerika ya Kusini. Na shelisheli ni mti wa visiwa vya Pasifiki, ingawa jina tunaloliita linaelekeza kwa majirani zetu wa visiwa vya Shelisheli. Mpunga nao, tulioufanya kipimo cha kushiba, haukuwa wa kwanza. Wataalamu wa mambo ya kale waliochunguza mabaki ya mimea yaliyoungua huko Tumbe, Pemba, mahali palipokaliwa na watu tangu karne ya 7 hadi ya 10, walikuta uwele ndio uliotawala. Mpunga ulikuja kushika nafasi hiyo baadaye, katika mji wa kale wa Chwaka papo hapo Pemba, kuanzia karne ya 11. Mimi naona habari hii ina faraja yake. Ladha ya Visiwani imewahi kubadilika, na haikubadilika kwa amri ya mtu.

Wala zao halihitaji kuwa dogo ili lipuuzwe. FAO inaeleza kuwa mimea ipatayo 6,000 imelimwa kwa ajili ya chakula, lakini isiyofika 200 ndiyo yenye mchango mkubwa, na mwaka 2014 mimea tisa peke yake ilitoa asilimia 66 ya mavuno yote ya dunia. Katika hiyo tisa umo muhogo. Kwa hiyo tunazungumzia zao linalolisha mamia ya mamilioni ya watu ambalo kwa miaka mingi lilifanyiwa utafiti mdogo mno ukilinganisha na ngano, mahindi na mpunga, kwa sababu waliolitegemea hawakuwa na sauti sokoni.

Tukija kwenye hali ya hewa, mkulima wa Visiwani hakutani na mabadiliko ya tabianchi kwa jina hilo. Hukutana na masika yaliyokawia, au yaliyoanza kwa kishindo mwezi wa Machi, yakamfanya apande, kisha yakakatika wiki mbili jua likaunguza miche. Hukutana na vuli inayomwagika kwa siku chache mahali pa kunyesha kidogo kidogo hadi Desemba, na mchoo wa katikati ya mwaka ambao hauaminiki tena. Joto la usiku halishuki kama zamani. Katika mabonde ya chini ya Pemba, na sehemu kama Kisiwa Panza, bahari huingia kondeni bamvua likijaa, na maji yakirudi huacha chumvi. Haya ni madhara tofauti, na kosa ninaloliona mara nyingi katika mazungumzo juu ya jambo hili ni kuyafunga yote katika furushi moja, kisha kutafutwa zao moja la kuyahimili. Zao hilo halipo. Kila mmea uulizwe maswali mawili: unahimili nini, na unashindwa na nini?

Tuanze na mpunga wenyewe, kwa sababu bila kuuelewa hatutaelewa kwa nini mingine inahitajika. Mpunga una siku chache za kufa na kupona, nazo ni zile unapochanua. Joto likizidi nyuzi 35 hivi saa ambayo maua yamefunguka, chavua hufa, punje haitungi, na mkulima anayeliona suke limesimama wima huku mengine yameinama anajua tayari kwamba amevuna mapepe. Kiu katika siku hizo hizo huleta msiba huo huo. Joto la usiku nalo lina hesabu yake: watafiti wa taasisi ya kimataifa ya mpunga iliyoko Ufilipino walionyesha mwaka 2004 kwamba, katika mashamba yao ya msimu wa kiangazi, kila nyuzi moja iliyoongezeka katika joto la chini la usiku ilikwenda sambamba na upungufu wa asilimia kama 10 ya mavuno. Kuhusu chumvi, mpunga ni miongoni mwa nafaka zinazoumia mapema kabisa.

Muhogo hauna siku ya namna hiyo. Tunachokila si tunda wala mbegu bali mzizi, na mzizi haungoji ua. Hewa ikikauka, jani la muhogo hufunga matundu yake madogo ili maji yasitoke, hujiinamisha kukwepa jua, na ukame ukizidi mmea hupukutisha majani, ukabaki mti mtupu unaodhaniwa umekufa. Mvua ikirudi huchipua tena na mizizi huendelea kunenepa. Mavuno hupungua, lakini hayapotei, tena mkulima halazimiki kuvuna kwa tarehe; ardhi yenyewe ni ghala lake kwa miezi. Viazi vikuu hufuata njia nyingine, kwani mti wake hunyauka kiangazi kikifika huku kiazi kikiwa kimelala salama udongoni. Hii ndiyo sababu ya ndani kabisa inayofanya mazao ya mizizi kuwa bima, na si ugumu wa jumla tu kama inavyosemwa mara nyingi.

Mtama na uwele ni nafaka, kwa hiyo nazo zina siku zao za hatari, lakini zimejengwa vingine. Katika mimea mingi, mpunga ukiwamo, kimeng'enya kinachokamata kaboni dioksidi ndani ya jani hukosea joto linapozidi, kikakamata oksijeni, na sehemu ya kazi ya jani ikapotea bure. Mtama, uwele na hata mchicha huanza kwa kuikusanya kaboni dioksidi na kuisukuma mahali kimeng'enya kilipo, hivi kwamba jani laweza kubana matundu yake, likahifadhi maji, na bado likaendelea kutengeneza chakula. Juu ya hayo, jani la mtama lina nta, hujikunja jua likiwa kali, na mmea huweza kusimamisha ukuaji kwa muda na kuuendeleza mvua ikirejea.

Tofauti hizi huonekana vizuri zaidi kwenye ardhi ya mawe, ile ya Makunduchi na Jambiani hadi Micheweni, ambako udongo umo katika vishimo kati ya miamba na mkulima hapigi jembe bali hutoboa kwa muo. Mvua ya huko huzama mara moja. Choroko zinafaa kwa sababu hukomaa kwa takriban siku 60 hadi 70, zikavunwa kabla ya vuli fupi kwisha. Kunde vivyo hivyo. Njugu mawe zina jambo la kutazamwa kwa karibu: ling'oe shina, ukung'ute mchanga, na utaona vitu viwili kwa pamoja. Maganda ya mviringo yamejificha ardhini, mbali na jua na mbali na macho ya ndege. Na kwenye nyuzi za mizizi pana vifundo vidogo mfano wa punje za mtama. Kipasue kimoja kwa ukucha, na kama kiko hai ndani kitakuwa chekundu kama nyama. Humo vijidudu hugeuza naitrojeni ya hewani kuwa mbolea, wakati ambapo mfuko wa mbolea ya dukani hufika Visiwani kwa meli na kwa bei ya dunia. Punje yenyewe ina protini ipatayo sehemu moja ya tano ya uzito wake.

Shelisheli linahitaji kusemwa peke yake, kwa kuwa ni mti. Hupandwa mara moja, huzaa miaka mingi, na ardhi iliyo chini yake hailimwi wala haioshwi na mvua za kishindo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern cha Marekani walichapisha mwaka 2022 makadirio yanayoonyesha kuwa maeneo ya dunia yanayofaa kwa mti huu yatapungua kidogo tu kwa joto linalotarajiwa, na kwamba Afrika kusini mwa Sahara ina nafasi kubwa ya kuupanda zaidi. Udhaifu wake ni upepo mkali, unaovunja matawi, na tunda lenyewe, ambalo likiiva halikai ila siku chache.

Upepo unanirudisha kwenye historia yetu. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu, wakati Pemba ikinusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo uzito wa karafuu ukahamia Pemba. Mkarafuu haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa kuutundika uchumi wa kisiwa kizima kwenye mti mmoja ambao wote ulikabili upepo siku moja. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia, wengi wetu tulikumbushwa kwamba bahari yetu si salama moja kwa moja. Faida kubwa ya mazao yaliyoachwa, kwa maoni yangu, imo hapa: kila moja lina namna yake ya kuumia na siku yake ya kuumia, kwa hiyo nyumba yenye bonde la mpunga, matuta ya muhogo, kichaka cha mbaazi na mshelisheli uani haiwezi kupoteza vyote kwa jua moja, gharika moja au upepo mmoja.

Basi kwa nini yaliachwa? Sehemu ya jibu ni kumbukumbu. Mwaka 1942, Wajapani walipoitwaa Burma, mchele wa huko uliokuwa ukiilisha Zanzibar ulikatika, na watu wakarudi kwenye muhogo na mtama kwa lazima. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mchele ulikuwa adimu tena. Chakula kilichowaokoa watu kikabaki kuwa chakula cha dhiki, na mzazi aliyepitia siku hizo alitaka mwanawe ale wali. Mtu hawezi kulaumiwa kwa hilo, lakini ni kizuizi halisi kuliko vingine vingi vinavyoandikwa kwenye ripoti.

Sehemu nyingine ni kazi. Nilimwamkia shikamoo mama mmoja mtu mzima wa kusini Unguja, nikamuuliza kwa nini ameacha mtama. "Mwanangu," akaniambia, "mtama haunishindi kulima, unanishinda kuuamia. Zamani watoto walikuwa kondeni tangu alfajiri kufukuza ndege. Sasa wako skuli, na wakae huko huko." Jibu hilo limenifundisha zaidi ya mengi niliyosoma. Mtama unahimili ukame, hauhimili ndege, na kinga yake ilikuwa ni utoto wa watoto. Ukishavunwa kuna kinu na mchi, kazi ya mikono ya wanawake, na mashine ya kukoboa na kusaga nafaka ndogo haipatikani kila shehia. Njugu mawe nazo huiva kwa muda mrefu, hata zikilowekwa usiku kucha, na mkaa una bei. Anayehimiza mazao haya bila kuzungumzia ndege, kinu na mkaa anamtwika mzigo yule yule aliyekwisha kuutua.

Palipotiliwa mkazo, matokeo yameonekana. Mpunga umepata miradi ya umwagiliaji kama ya Cheju na Kibokwa, na umepata mbegu ya SUPA BC, iliyopatikana kwa kuitia mionzi mbegu ya zamani na kuchagua mimea bora. Muhogo nao ulipata zamu yake, na ilikuwa kwa shida. Ugonjwa wa michirizi kahawia, ulioelezwa kitaalamu na watafiti wa Amani, Tanga, katika miaka ya 1930, una hila ya kipekee: mti husimama na majani yake, mzizi hung'olewa ukiwa mzima kwa nje, na kisu kikipita ndani hukuta madoa makavu ya kahawia yasiyolika. Kazi ya kituo cha utafiti wa kilimo cha Kizimbani, Unguja, na washirika wake ilitoa aina zinazostahimili, zikapewa majina ya kwetu: Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui. Njugu mawe, viazi vikuu na mashelisheli bado yanangojea mkono kama huo.

Mfano wa muhogo unaonya vilevile. Mazao mengi kati ya haya hupandwa kwa vipande, maotea au vijiazi, si kwa mbegu ya ua, na konde nzima huweza kuwa nakala ya mmea mmoja. Mwaka 1993 ugonjwa wa baka la majani uliingia Samoa, ambako majimbi yalikuwa chakula kikuu na zao la kuuza nje, na kwa kuwa wengi walipanda aina moja iliyopendwa sokoni, kilimo hicho kiliporomoka katika muda mfupi. Walijinasua baada ya miaka ya kuzalisha aina mpya kwa kuchanganya na mbegu za Palau na Asia. Muhogo mchungu pia huongeza sumu ya sianidi wakati wa ukame, yaani wakati ule ule unapotegemewa zaidi, kwa hiyo elimu ya kuloweka na kukausha ni sehemu ya zao lenyewe. Na konde iliyokwisha kulowa maji ya bahari mara kwa mara haitaokolewa na majimbi, ingawa baadhi ya aina zake huvumilia maji yaliyotuama na chumvi kidogo; pengine mahali hapo panadai mikoko.

Tunayo, hata hivyo, njia ya kuanzia ambayo visiwa vingi havina, nayo ni ule mwezi wa futari. Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, ikipita kaskazi, vuli, kipupwe na masika, na kila inapokwenda hubeba wanunuzi. Mkulima anayejua itaangukia msimu gani anaweza kupanga upandaji wa muhogo na majimbi kuelekea huko. Kinachokosekana ni miezi 11 iliyobaki, na hiyo haitajazwa kwa nasaha. Itajazwa na mnunuzi wa kudumu: jiko la skuli linalopika muhogo wa nazi siku mbili kwa wiki, hoteli inayoweka shelisheli la kukaanga mahali pa chipsi za viazi vilivyoletwa kwa boti, mwoka mikate anayechanganya unga wa shelisheli lililokatwa vipande na kukaushwa juani kama makopa ya muhogo. Kukausha huko kunaondoa udhaifu mkubwa wa tunda, na hakudai chombo kisichopatikana kijijini, isipokuwa kinga nzuri ya mvua na nzi.

Mbegu na maotea vianze kukusanywa sasa, wakati wenye kuvijua wangalipo. Mshelisheli wetu unaozoeleka hauna mbegu. Huzaliwa na maotea yanayochipua kwenye mizizi ya mti mkubwa. Otea hukatwa pamoja na kipande cha mzizi, huatikwa kwenye mfuko chini ya kivuli kwa miezi kadhaa, kisha hutiwa ardhini masika yanapoanza kushika. Kinachoua miche mingi ni kiangazi cha kwanza, na kinga yake ni matandazo mazito shinani pamoja na chupa ya maji iliyotobolewa tundu dogo na kufukiwa ubavuni. Mche uliotiwa ardhini masika ya 2025, ukavushwa kiangazi cha kwanza na cha pili kwa namna hiyo, unaweza kuanza kuzaa karibu na 2030, mwaka ambao mwezi wa Ramadhani utaandama mara mbili, Januari na Desemba.